Prefe na Simu Iliyomuuliza Yeye Ni Nani

Mtaani kwetu Nyakasanza hakuna aliyemwita kwa jina. Aliongoza shule ya sekondari kwa miaka mingi, na kwetu mkuu wa shule ya sekondari huitwa prefe. Alipostaafu, cheo kilibaki na jina likapotea. Hata mkewe alimwita Prefe. Watoto walimwita Prefe huku wakikimbia, maana alikuwa na tabia ya kumsimamisha mtoto yeyote njiani, hata aliyebeba maji kichwani, na kumuuliza saba mara nane.

Nilimfahamu kwa sababu ya kazi yangu. Nina chumba kidogo kando ya barabara ambamo ninapiga chapa barua za watu, ninatoa fotokopi na kuchapisha picha za pasi. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kuifungua na kuifunga, na kwa vitabu vilivyofika mkononi mwangu bila majalada. Prefe alikuja kwangu karibu kila asubuhi. Mara nyingi hakuwa na karatasi yoyote ya kunakili. Alikuwa na hasira, na alihitaji mahali pa kuitua.

Hasira yake haikuwa ya kelele. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kijivu ambalo vumbi jekundu la Bunia lilikuwa limeligeuza rangi mabegani. Akikasirika alizidi kunyooka na kusema polepole, kama mtu anayeamuru imla. Wanafunzi wake wa zamani, ambao leo ni watu wa ndevu na vyeo, waliniambia kwamba sauti ile ya polepole waliiogopa kuliko fimbo.

Chombo chochote kilichoingia mikononi mwake alikipa pointi kati ya ishirini, kama mwanafunzi. Alikuwa na mkanda wa sparadra, ule wa kufungia vidonda. Alikata kipande, akaandika pointi kwa kalamu nyekundu, akakibandika mgongoni mwa chombo. Tochi yake ilikuwa na kumi na saba. Redio yake ndogo ilikuwa na kumi na sita, na ingepata zaidi kama isingekula betri. Mashine yangu ya kuchapisha ilibandikwa tatu, na ile tatu ipo mpaka leo, imeanza kuchakaa pembeni. Sijaibandua kwa sababu ni haki yake.

Siku aliyoipa tatu alikuja na hotuba ya mazishi ya mwalimu mwenzake, ukurasa mmoja. Mashine ikakataa. Nikamweleza kwamba wino wa manjano ulikuwa umekwisha.

“Hotuba yangu iko na rangi ya manjano?” akauliza.

“Hapana, Prefe. Ni nyeusi tupu.”

“Na nyeusi iko?”

“Iko, imejaa. Lakini mashine haitaki kufanya kazi kama rangi moja imekosa.”

Akaitazama mashine kwa muda. “Mutu anaomba chumvi ku jirani, na jirani anasema: siwezi kukupa chumvi, juu sukari yangu imekwisha. Weye utasema huyo mutu iko na akili?”

“Sitasema.”

“Basi usinieleze tena. Ukieleza sana mambo ya mujinga, mwisho unamutetea.”

Hotuba aliisoma makaburini kutoka kwenye karatasi aliyoiandika kwa mkono. Wino wa manjano ulifika kutoka Kampala baada ya maombolezo kwisha.

Kulikuwa na mambo aliyoyapima, na hakuyaficha. Kwanza, chombo kinatii? Ukikiambia zima, kinazima, au kinakujibu? Pili, kinavumilia vumbi, joto na kukosa umeme? Tatu, kina adabu, au kinakatiza watu maneno? Na mwisho, swali alilolipa uzito kuliko yote: kikiharibika, kinamwambia mwenyewe ukweli? Tochi ikifa, alisema, unajua ni betri au ni globu. Kompyuta ikifa inakuandikia kwamba kuna jambo limetokea. “Jambo limetokea! Mwanafunzi akiniandikia vile mu mtihani wa istoria, namurudishia kartasi yake.”

Habari ya adabu ilimpata kanisani. Mwanawe aliye ng'ambo alimtumia saa ya mkononi inayopima moyo na hatua. Prefe aliivaa Jumapili ya kwanza kwa majivuno, maana alikuwa mtu wa majivuno, na hili nitalirudia. Katikati ya mahubiri saa ikamtetemesha na kumwandikia kwamba amekaa mno, asimame atembee kidogo. Yeye hakuwa amevaa miwani. Alidhani ni hatari ya moyo, akasimama. Padri akanyamaza, kanisa zima likageuka.

“Prefe, kuko neno?” padri akauliza kutoka altareni.

“Hakuna neno, padri. Endelea. Ni saa njo imeniamuru.”

Mkewe alicheka njia nzima ya kurudi nyumbani, akishika kuta za nyumba za watu. Saa ilipewa mbili, na pointi zile mbili zilikuwa za mkanda wake tu.

Kompyuta ya mezani aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Nyumba yao ilipata umeme kwa jenereta ya jirani, na jirani aliizima alipotaka kulala. Kila mtu kwenye ule mstari wa nyaya alijua hivyo, isipokuwa kompyuta. Jioni alipotaka kuizima iliandika kwamba inajirekebisha, na kwamba asiizime. Jenereta ikanyamaza. Siku iliyofuata kompyuta haikuwaka. Alikuja kwangu akiwa ameibeba kifuani kama mgonjwa.

“Inaniambia usizime,” akasema. “Nani anatoa amri mu nyumba yangu? Na kama inataka kuran ya umeme usiku muzima, ilishauliza kama kuran iko?”

Niliitengeneza. Hakuichukua tena. Alisema wanafunzi wa namna hiyo wanarudishwa kwa wazazi wao.

Nisimfanye mtakatifu. Prefe alikuwa mkali kwa vyombo, lakini alikuwa wa kwanza mtaani kuvinunua. Kila kitu kipya kilichoshushwa sokoni alikwenda kukitazama, mikono nyuma, na mara nyingi alirudi nacho kabla hajapima lolote. Aliwadharau vijana wa vibanda vya simu na kuwasahihisha Kifaransa chao mbele ya wateja. Aliwahi kumkaririsha darasa mtoto wa rafiki yake mkubwa kwa upungufu wa pointi moja, na urafiki ule haukupona. Na alikuwa mbishi kuliko vyombo alivyovilalamikia. Nilimwomba mara nyingi akae nami nimwonyeshe jinsi simu yake inavyofanya kazi: inahifadhi nini, wapi, kwa jina la nani. Alikataa kila mara kwa maneno yale yale.

“Miye nilinunua telefone. Sikununua kazi.”

Nililiona neno hilo kuwa la kiburi. Sasa naliona kuwa sawa, na kiburi chake hakiliharibu. Mtu anayenunua jembe haambiwi kwamba kwanza alisomee. Wanaotengeneza vyombo hivi wana mtu wao kichwani. Mtu huyo ana simu yake peke yake, hajawahi kumwazima shemeji wala kuiacha siku nzima kwenye kibanda cha kuchaji. Ana umeme usiku na mchana. Ana anwani ya barua ya kompyuta tangu ujana, na namba ya simu isiyobadilika. Vidole vyake ni laini lakini mistari yake haijafutika. Macho yake ni mapya. Anakumbuka kila neno la siri alilowahi kubuni, na akilisahau ana mtu wa kumpigia. Nimefanya kazi kando ya barabara hii tangu vita vya kwanza vilipofika kwetu, na mtu huyo sijamwona akipita. Nimewaona wakulima wa Irumu ambao vidole vyao simu haivisomi kwa sababu jembe limevifuta. Nimewaona akina mama waliokimbia Djugu na simu ikiwa ndiyo kitu pekee walichookoa, nayo ikawaambia kwamba haiwatambui.

Naambiwa kufuli ni kwa faida yetu, kwa sababu ya wezi. Sikatai kufuli. Katika mji huu hakuna anayekataa kufuli. Lakini fundi wa milango anayeweka kitasa ambacho mwenye nyumba akizeeka hawezi kukifungua, naye akasema dawa ni kuichoma nyumba, hapa Bunia angepigwa.

Nimefika kwenye jambo lenyewe.

Mkewe tulimwita Mama Prefe. Alitoka nyanda za juu, upande wa Kpandroma, na yeye Prefe alitoka watu wa ziwani, upande wa Mahagi. Nyumbani walizungumza Kiswahili, kama nyumba nyingi za Bunia ambazo mume na mke hawana lugha moja ya kuzaliwa. Lugha ya mkewe Prefe aliijua ya salamu, ya chakula na ya sokoni. Zaidi ya hapo alikuwa akitikisa kichwa tu. Ndugu za mama walipotawanyika kwa mashambulizi, wengine kambini kando ya mji, wengine wakavuka kwenda Uganda, ikaonekana kwamba katika ukoo wake hakubaki mwingine aliyezijua hadithi za kale zote, zile ndefu zinazoimbwa katikati. Prefe aliamua kuzirekodi. Hakushauriana na mtu, aliamua kama mtihani unavyotangazwa.

Basi kila Jumapili baada ya misa, Mama Prefe aliketi karibu na jiko la makaa, akiwa bado na kilemba cha kanisani, na Prefe akaketi mbele yake na simu magotini. Alitumia kamera, kwa sababu kamera ilifunguka kwa kubonyeza mara moja, na kitufe cha kurekodi sauti kilikuwa kimefichwa mahali ambapo hakukipata. Hakujali picha. Alitaka sauti. Simu ililala kidogo magotini pake na jicho lake likatazama juu, kwa hiyo kilichoonekana ni bati la nyumba na moshi.

Kazi hiyo waliifanya kwa muda mrefu, mpaka hadithi zikakaribia kwisha. Kisha mama akaugua. Ugonjwa haukuchukua muda. Tulimzika siku ya mvua.

Baada ya mazishi mikono ya Prefe ilianza kutetemeka. Sijui kama ilikuwa huzuni au umri. Yeye mwenyewe alisema ni baridi. Simu yake haikuwahi kukubali kidole chake, kwani chaki na jembe vilikuwa vimekilainisha, na aliifungua kwa kuchora mstari kwenye kioo. Sasa mstari ukapinda. Simu ikasema si sahihi. Akachora tena, ikasema si sahihi, ikamwambia angoje. Kila alipokosea ilirefusha muda wa kungoja, mpaka mwisho ikamwambia hakuna njia nyingine ila kufuta kila kitu na kuanza upya.

Alikuja kwangu akiwa ameifunga kwenye kitambaa cha kichwa cha mkewe. Hakuketi. Alisema kwa sauti ile ya imla:

“Bibi yangu iko mu hii telefone. Na telefone inaniuliza miye ni nani.”

Nilijaribu yote niliyoyajua. Nilimshika mkono na tukachora pamoja. Lakini kwa kukosea mara nyingi alikuwa ameshakuwa na shaka na ule mstari wenyewe, kama unaanzia juu au chini. Tukaenda soko kuu, kwa vijana wa vibanda, wale wale aliowasahihisha Kifaransa. Mmoja akaigeuzageuza simu.

“Muzee, tuformate. Ni kazi kidogo tu.”

“Kuformate ni kufanya nini?”

“Ni kufuta yote. Inabakia mupya sawa vile ilitoka mu kartoni.”

“Yote?”

“Yote. Njo dawa yake.”

“Mutoto yako akipoteza ufunguo, unachoma nyumba?”

Wengine wakacheka. Kijana mwenyewe hakucheka. Akasema, kwa upole ambao Prefe hakuustahili kwake, “Muzee, miye sikutengeneza hii kitu. Na hata nikiformate, itauliza konti. Konti yako unaijua?”

Prefe hakujua kwamba ana konti. Hapo ndipo nilipoelewa, na nilipoelewa nilitaka kukipiga kile kibanda teke.

Simu hizi hazifunguki mara ya kwanza bila konti, yaani jina na neno la siri ambavyo simu inavitambua kuwa vya mwenyewe. Mnunuzi wa Bunia hana konti na hajui kwa nini aombwe jina na kitu alichokwisha kulipia. Kwa hiyo muuzaji humwekea. Wauzaji wetu wana desturi ya kutengeneza konti moja na kuiweka katika simu zote za shehena, kama mtu anayefunga milango ya mtaa mzima kwa ufunguo mmoja ili kazi iende haraka. Mteja anaondoka na simu inayowaka, anashukuru, na haambiwi kitu.

Muuzaji wa Prefe alikuwa ameondoka. Kibandani kwake palikuwa panauzwa viatu. Nilipata namba yake kwa yule wa viatu, nikampigia.

“Siye wote tulikuwa tunafanya vile,” akaniambia, bila aibu. “Mutu hana konti, telefone inakatala kufunguka. Miye nimurudishie feza yake?”

“Ungemwambia.”

“Angeniuliza maswali. Unamujua Prefe weye? Mpaka leo ningekuwa namujibu.”

Neno la siri alikuwa amelisahau. Kulirudisha kulitaka ujumbe uende kwenye namba ambayo aliiacha zamani. Aliyeijenga konti hakuweza kuiingia, na yule aliyejengewa hakujua kama ipo. Lakini kabla hajakata alisema jambo moja: simu zilizokwisha kuingizwa katika konti hiyo bado zilikuwa wazi, na nyingi za shehena ile zilinunuliwa na wafanyabiashara waliokuwa wakipanda Mongbwalu, kwenye dhahabu.

Nililipanga jambo hilo kichwani. Simu inayorekodi sinema huzipeleka nakala kwenye konti yake bila kumwuliza mtu, ikila megabaiti alizonunua mwenyewe. Nilikumbuka kwamba Prefe alikuwa amegombana na wakala wa mtandao juu ya megabaiti zilizokwisha bila kutumiwa. Konti ikiwa moja, kila simu ya konti hiyo huonyesha picha za zote. Nilimuuliza kama aliwahi kuona katika simu yake picha asizozijua.

“Harusi,” akasema. “Na mashimo ya udongo, na mutoto mumoja munene. Nilifikiri ni matangazo.”

Maana yake ilikuwa wazi, na sikuwa na njia ya kuisema kwa upole. Sauti ya mkewe ilikuwa katika mifuko ya watu asiowajua. Chombo kilikuwa kimeigawa kwa wageni, kikamfungia mwenyewe.

Prefe alichukua karatasi mezani kwangu, akaniamuru nishike kalamu kwa sababu mkono wake haukutulia, akatoa imla. Tangazo likapelekwa redioni, likasomwa baada ya vitambulisho vilivyopotea na kabla ya vifo: “Mtu yeyote aliyenunua simu katika soko kuu la Bunia, na simu hiyo ikamwonyesha sinema ndefu za bati la nyumba huku mama mzee akisimulia hadithi, anaombwa asizifute. Sauti hiyo ina mwenyewe.”

Watu wa mtaani walimcheka. Wakati wa kununua majani ya sombe niliwasikia wakisema Prefe amechanganyikiwa, anatafuta bibi yake redioni. Yeye aliagiza lisomwe tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Wakati huo aliacha kuja kwangu asubuhi. Nilimwona mara moja kwa mbali, barabarani, mtoto akampita na ndoo kichwani, naye hakumuuliza kitu.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja wa makamo, anayewapikia wachimbaji bugali na maharage Mongbwalu. Alishuka kwenye lori akiwa na matope mpaka magotini, akaulizia redioni, redio wakamleta kwangu, nami nikampeleka kwa Prefe. Ilikuwa mchana. Prefe alifungua mlango akiwa amevaa koti, na sikuzoea kuliona limefungwa vifungo vibaya.

“Papa Prefe,” akasema yule mama, “miye ni mutu ya Djugu. Tulikimbia na batoto. Nilinunua telefone hapa, na ile hadisi ilikuwa mu ndani. Nilifikiri ilikuja nayo. Nikasema, kumbe hawa batu ya telefone wanajua luga yetu!”

“Hawajui,” Prefe akasema. “Hata ya kwangu hawajui. Ikaa, mama.”

“Batoto yangu wanalala nayo kila siku. Wanamuita Koko, sawa vile batoto wanaita mama ya mama yao. Sikujua kama Koko ameshakufa. Pole, papa. Pole sana.”

Nilitaka kusema kwamba ni bahati kubwa, na nadhani uso wangu ulilisema, kwa sababu Prefe alinigeukia.

“Weye usiniletee neno ya muujiza. Walifunga mulango ya mutu na wakaacha dirisha ya jirani wazi. Ile si muujiza. Ni uzembe.”

Yule mama akabonyeza. Kioo kikaonyesha bati na moshi, na sauti ya Mama Prefe ikaingia chumbani, imara, yenye ule mkwaruzo mdogo, ikisimulia kwa lugha ambayo katika sisi watatu mmoja tu aliielewa. Prefe alisimama wima kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Hadithi ikaenda, ikaimba, ikarudi. Ilipofika mwisho Mama Prefe akasema sentensi moja ya haraka, na yule mama wa Mongbwalu akaisema pamoja naye, sauti juu ya sauti, kisha akacheka.

“Batoto wanapenda hapo,” akasema. “Wote wanaitika.”

“Najua pale,” Prefe akasema. “Anasema ile kila mara. Ni namna yenu ya kumaliza hadisi.”

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi.

“Kumaliza hadisi? Hapana, papa.”

“Basi anasema nini?”

“Anasema…” Hakucheka tena. Alifuta kioo kwa kanga yake ingawa hakikuwa kichafu. “Anasema: sasa huyu mwanaume afunge hiyo kitu, aniangalie.”

“Mu hadisi gani?” Prefe akauliza.

“Mu zote, papa.”

Aliketi. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo.

“Ile kamera ilikuwa inajizima,” akasema, na hakuwa akisema na sisi. “Ilinikatia hadisi mbili, bila kusema. Tangu pale nilikuwa nachunga ile alama nyekundu ya kurekodi. Kila dimanshi, kisha misa. Mama anasema, miye nachunga alama.” Sauti yake ilizidi kuwa ya polepole, neno baada ya neno. “Hata kumuangalia, wameninyang'anya.”

Yule mama alisema zote angetupatia, tuseme tu aziweke wapi. Nilimwambia nitaleta kadi ya kuhifadhia. Prefe aliinua mkono kutukatiza. Akamwomba ile ya mwisho kabisa, iliyorekodiwa kabla ya ugonjwa. Akaichukua simu kwa mikono yote miwili ili isitetemeke, akaisogeza karibu na uso.

Hakuondoa macho hata mara moja. Hadithi ikasimuliwa yote, ikafika mwisho, na mkewe akamwambia amwangalie. Aliangalia. Palikuwa na bati tu.